Baba Hakwenda Bukundi

Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kwa mdogo wangu Jilala,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Holo, na kwamba meno yaliyokuwa yakimliza mtoto yamekwisha kutoka. Huku kwangu afya ipo. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeondoka chenyewe. Barua yako nilipewa na yule dereva wa lori la marobota ya pamba, imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama kibiriti, lakini inasomeka yote.

Umeniuliza jambo moja: nilisomaje mpaka nikafaulu mtihani wa bodi ya wahasibu, ili nawe ufanye hivyo hivyo mwezi wa kumi na moja huko Mwanza. Nitakujibu. Kwanza nakuambia jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu hukujua kama lipo. Umeambiwa baba amekwenda Bukundi kuangalia ng'ombe wetu walioko kwa mzee Luhende. Baba hakwenda Bukundi. Yuko hapa kwangu, amelala chumba cha pili ninapoandika haya. Ana uvimbe tumboni. Madaktari wamesema atapasuliwa, na wiki waliyompangia ndiyo wiki ya mtihani wako.

Amenikataza kukuandikia. Shangazi Kwandu, ambaye ndiye aliyempandisha treni pale Shinyanga, naye amekataza. Mimi nakuandikia. Usiiache barua hapa ukatoka mbio kwenda kumuuliza shangazi. Isome yote, halafu ndipo uamue. Baba leo amekula uji, na jana alitembea mpaka dukani akarudi. Hali yake ndiyo hiyo, sijapunguza wala kuongeza.

Sasa masomo.

Mimi sikusoma usiku. Wewe unatoka kwenye mizani jioni, vumbi la pamba limejaa puani, wakulima wamekugombeza kutwa nzima kwamba unawapunja uzito. Ukifungua kitabu saa hiyo, macho yatasoma na kichwa hakitakuwepo. Nilikuwa nalala mapema kama mtoto na kuamka kwenye adhana ya alfajiri. Nasoma mpaka majirani waanze kugombania bomba. Ni muda mfupi, lakini asubuhi kichwa bado hakijajaa maneno ya watu. Siku nilizochelewa kuamka sikujaribu kulipiza jioni. Niliziacha zipite.

Pili, usisome uhasibu kama unavyosoma gazeti. Darasa letu la jioni lilikuwa na watu waliopiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi, mpaka ukurasa mzima ukawa wa rangi na hakuna kilichojitokeza. Hesabu inaingia kwa mkono. Chukua swali la mtihani wa zamani, funga kitabu, andika jibu lote tangu jarida la maingizo ya kwanza mpaka mizania ya mwisho, ndipo ufungue uone ulipokosea. Karatasi uliyokosea usiifanye ya kuwashia jiko. Andika pembeni kosa lilikuwa la aina gani. Hukuelewa? Hukusoma swali mpaka mwisho? Ulijumlisha kwa haraka? Mimi nilipoanza kuandika hivyo niliona kwamba makosa yangu mengi yalikuwa ya kutosoma swali, na kumbe nilikuwa nazidi kukariri mambo ninayoyajua.

Na mada usizisome moja moja mpaka iishe. Leo ubia, kesho uchakavu, keshokutwa rudi kwenye ubia wakati umeanza kuusahau. Utaumia kidogo kukumbuka. Huko kuumia ndiko kusoma.

Halafu saa. Gawa muda wa mtihani kwa maswali, na muda wa swali ukiisha liache, hata kama linakuita. Nina rafiki hapa, Mwajuma, tunafanya kazi pamoja kwa huyu mfanyabiashara wa matairi. Ni Mzaramo, mtani wangu kweli kweli. Tulikuwa tunajipima pamoja Jumamosi, saa yangu ya mkononi tumeiweka juu ya meza. Siku moja urari wake ukakataa kulingana, upande mmoja umezidi kidogo tu.

"Uache," nikamwambia. "Nenda swali la pili."

"Niuache vipi? Umekataa kidogo hivi!"

"Mwajuma, uache."

"Ninyi Wasukuma mna ng'ombe wengi, mmoja akipotea mnaendelea na safari. Mimi mbuzi wangu ni huyu huyu mmoja."

Akamtafuta mbuzi wake mpaka muda ukaisha, na maswali mengine yote hakuyagusa. Nikamwambia mbuzi wake amekula mtihani mzima. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo alijifunza kuacha. Mtahini anatoa alama kwa kazi iliyofanyika. Urari usiolingana bado una alama ndani yake. Swali ambalo hukuligusa halina.

Njia nyingine unaijua, kwa sababu uliiona kwa macho yako jikoni kwetu. Nitaieleza hata hivyo, maana ndiyo iliyonifaulisha kuliko zote.

Unakumbuka nilipokuwa bado karani wa chama cha ushirika hapo Bariadi, kabla wanunuzi binafsi hawajaja na malori yao na chama kikapunguza watu. Jumamosi nilikuwa narudi nyumbani na vitabu. Mama, mayu wetu, alikuwa anamenya viazi na kuvikatakata vya kuanika michembe, nami nakaa kwenye kigoda kumsomea hesabu kwa Kisukuma. Hakuwa amesoma hata darasa moja. Nilianza kwa mchezo, kwa sababu alikuwa ananiuliza kila mara, "Huko unakosoma, wanakufundisha nini cha mno?" Baadaye nikaona kwamba jambo nililoshindwa kumwambia kwa Kisukuma ndilo nililokuwa sijalielewa. Kwa Kiingereza mtu anaweza kujificha nyuma ya neno. Kwa lugha ya jikoni huna pa kujificha.

Siku moja nilikuwa namweleza habari za bidhaa zinazopelekwa kwa wakala wa mji mwingine akauze. Akanikatiza.

"Sasa hao ng'ombe wetu walioko Bukundi, kwenye hesabu yenu wamo zizini kwetu au hawamo?"

"Zizini hawamo, mayu, lakini ni mali yetu. Wanaandikwa kwetu."

"Na maziwa anakunywa Luhende."

"Huo ndio ujira wake wa kuchunga."

"Akifa mmoja?"

"Hasara ni yetu."

"Enhe. Na utajuaje kama amekufa?"

"Si Luhende atasema?"

Alicheka mpaka kisu kikamwanguka. "Atasema! Mtoto wa shule huyu. Ataleta ngozi. Asipoleta ngozi, ng'ombe hajafa."

Nilipokaa kwenye mtihani, swali la bidhaa zilizoko kwa wakala lilikuwepo. Niliandika bila kusimama. Na kwenye karatasi ya ukaguzi wakauliza ni ushahidi gani mkaguzi atautaka kabla ya kukubali kwamba mali imeharibika. Nikaiona ile ngozi. Nikajibu swali lote nikiwa naitazama.

Sasa nitaandika jambo ambalo hatujawahi kuliongea mimi nawe.

Siku ile nilipokuwa naandika jibu la ngozi, mayu alikuwa ameshazikwa. Ninyi wote mlijua. Mjomba Mayunga, ndugu yake wa tumbo moja, anayekaa hapa hapa Dar, alijua pia. Alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili, anakula wali, anauliza, "Mtihani unaendeleaje?" Nilikuwa namwona mwenye kunijali siku hizo. Nawe uliniandikia barua katikati ya mitihani. Mwishoni uliandika, "Mama anakusalimu, anasema usome." Mkono ulikuwa wako. Najua shangazi alikuwa amekaa pembeni anakuambia la kuandika, na najua kila mtu alifanya hivyo kwa kunipenda. Sikulaumu. Nakueleza ilivyokuwa.

Jioni ya karatasi ya mwisho mjomba alikuja ingawa haikuwa Jumapili. Nikampa chai. Akainywa yote kwanza.

"Mtihani umekwisha?"

"Umekwisha, mjomba."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna karatasi iliyobaki?"

"Hakuna."

"Basi njoo ukae hapa, mwanangu."

Nilikaa. Akaniambia. Nakumbuka nilimuuliza kama anataka chai nyingine.

Unajua naandika shajara, kila siku na tarehe yake. Baadaye niliifungua nikatafuta tarehe ya mazishi. Nilikuwa nimeandika: "Nimerudia hesabu za ubia. Mvua asubuhi. Mwajuma amerudisha rula yangu." Hakuna kingine. Nilisoma mara kadhaa nione kama nimeandika jambo jingine lolote, kwamba nilikosa usingizi au nilishtuka. Sikuandika. Nilikuwa na siku nzuri.

Nilipofika nyumbani mlikuwa mmeshamaliza kulia. Kaburi lilikuwa limeota majani. Wanawake wakaanza kulia upya kwa ajili yangu, nami nikawa nawaangalia. Shangazi akaniuliza, "Mbona hulii?" Nikamwambia nimechoka na treni. Nadhani bado nimechoka na treni. Matokeo yalipobandikwa ukutani Mwajuma alipiga vigelegele mpaka askari wa getini akaja kutazama. Mimi niliiangalia namba yangu, nikahakikisha ni yangu, halafu nikapita dukani kununua sabuni kwa kuwa ilikuwa imekwisha. Shajara ya siku hiyo inasema: "Nimefaulu. Nimenunua sabuni." Vitabu vya ngazi inayofuata nilivinunua, vipo juu ya kabati. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa sijavifungua, kwa sababu kila nikitaka kuanza najiuliza kwanza ni nani nitakayemweleza.

Jambo linalonitatiza ni kwamba njia yenu ilifanya kazi. Mngeniambia, ningepanda treni, na nisingefanya mtihani, na leo pengine ningekuwa nimepunguzwa kazi mara ya pili, maana huyu tajiri wa matairi alibakiza wenye cheti tu alipoleta kompyuta. Shangazi akisema, "Si ulifaulu?" namwambia ndiyo. Nilifaulu. Lakini hakuna aliyeniletea ngozi, Jilala. Mpaka leo nikiona michembe sokoni nanyoosha mkono ninunue ya kumpelekea, na anayenyoosha mkono ni mimi, mtu mzima mwenye akili zake.

Kwa hiyo baba alipofika na mfuko wake wa michembe, akiwa amekonda hivi kwamba shati la Krismasi linamvaa yeye, na neno lake la kwanza likawa, "Jilala asijue mpaka amalize," nilimpisha aingie. Nilichukua mfuko.

Anaendelea vizuri na mimi. Wiki iliyopita aliniuliza, "Hivi mlikuwa mnaongea nini na mama yako pale jikoni, mnacheka hivyo?" Nikamwambia ni hesabu. Hakuamini. Nikapanda juu ya kiti, nikashusha kitabu kimoja, nikaanza kumweleza kwa Kisukuma jinsi mali inavyopungua thamani kila mwaka, kwa mfano wa plau yake.

"Plau yangu haijachakaa," akasema.

"Baba, imechakaa. Uliinunua kabla Jilala hajazaliwa."

"Inalima?"

"Inalima."

"Basi imechakaa wapi? Njoo uvute wewe uone."

"Kwenye vitabu, baba, tunapunguza kidogo kila mwaka."

"Hao waliokufundisha wana plau?"

Si msikilizaji kama mayu. Mayu alikuwa anauliza, baba anabisha. Lakini nilijikuta nimemaliza sura nzima ya kitabu kwa kumbishia. Nawe ufanye hivyo. Kaa na wifi Holo anapopika, umweleze kwa Kisukuma. Ukikosa pa kupita, hapo ndipo pa kurudia asubuhi. Kama Holo anachoka, mweleze shangazi. Atakukatiza katika kila sentensi. Mwache akukatize.

Sasa uamuzi ni wako. Sikuambii uje, wala sikuambii usije. Daktari nilimuuliza uso kwa uso kama baba atapona. Akasema uvimbe mwingine wa namna hii unatolewa na mtu anarudi kulima, na mwingine wakishafungua wanaona umekwenda mbali, na hatajua mpaka afungue. Ndivyo alivyosema na sina zaidi. Mtihani unarudi tena mwezi wa tano. Lakini najua pia mnunuzi wenu amesema msimu ujao atamwajiri mwenye cheti kuwa karani mkuu, na kwamba wewe na Holo mnaitegemea nafasi hiyo. Vyote viwili ni kweli, na sitajifanya kimoja ni chepesi.

Ukija, njoo wiki moja kabla, umkute bado anabisha. Ukienda Mwanza, fika siku moja kabla, ukaone chumba cha mtihani kilipo, ule vizuri, ulale. Asubuhi usishike kitabu. Kisha ujue hili: siku akipasuliwa nitapeleka simu ya maandishi kwenye parokia utakapofikia, neno lolote litakalokuwepo, hata kama ni asubuhi ya karatasi ya kwanza. Sitasubiri umalize. Ikiwa hutaki hivyo, niandikie wewe mwenyewe kwa mkono wako kwamba nisubiri, nami nitasubiri. Lakini iwe wewe umesema. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nisalimie shangazi Kwandu, mama yetu wa sasa, umwambie sina hasira naye na kwamba blanketi alilomfungia baba limefaa sana. Msalimie wifi yangu Holo, mlezi wa nyumba yenu. Msalimie mzee Luhende akipita mnadani, mchungaji wa mali yetu, na umwambie wabeja, namshukuru kwa miaka yote. Mtoto mbusu kwenye hilo jino jipya.

Nilikuwa nimefika hapa baba akaamka. Amekaa mlangoni, anapepewa na upepo, ananitazama nikiandika.

"Unamwandikia Jilala?"

"Ndiyo, baba."

"Za masomo?"

"Za masomo."

"Vizuri. Mwandikie na salamu yangu. Mwambie ng'ombe wa Bukundi wazima wote, malisho ni mazuri, nitarudi nikiridhika."

"Baba, barua inatoka Dar. Salamu za Bukundi nimezipataje?"

Akafikiri kidogo, akajikuna kidevu.

"Sema umesikia kwa watu."

Basi, nimesikia kwa watu kwamba ng'ombe wa Bukundi wazima wote na malisho ni mazuri. Hiyo ndiyo salamu ya baba, nimeiandika kama alivyosema. Kesho asubuhi nitampa dereva bahasha hii kabla lori halijaondoka, na nikirudi nitakaa na baba nimwambie nilichokuandikia. Nitamweleza kwa Kisukuma. Nikishindwa, nitajua kwamba hata mimi sijaelewa nilichofanya.

Ni mimi dada yako,
Minza